Kulasi Haifunguliwi Chini ya Paa

Mvua ilianza watu wakirudi kutoka mashambani, na jioni ilipoingia ilikuwa bado inapiga mabati ya kijiji cha Mpofi bila huruma. Symphorien alikuwa na kazi ndogo tu: kusafisha bunduki. Kesho angeingia msituni, na kulasi ilikuwa inakwama. Kulasi ni kile chuma cha nyuma kinachovutwa kwa mkono ili risasi iingie.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya kizamani, ndefu, ya kulengea shabaha, iliyoachwa na mzungu mmoja wa mashamba. Marehemu Papa Sébastien, baba yake Symphorien, aliiwindia maisha yake yote. Na mzee huyo, jamani, hakuwahi kufungua kulasi ndani ya nyumba. Hata kunyeshe namna gani, alishuka mtoni, akaifungulia juu ya jiwe, akainong'oneza maneno, akanawa mikono ndipo akarudi. Tangu azikwe, bunduki ilikuwa imelala darini bila kuguswa. Symphorien alikuwa mwimbaji wa kwaya. Mambo hayo aliyaita ya wazee.

"Nenda ku mutoni," mama yake, Mama Pétronille, alimwambia kutoka jikoni. "Usifungue ile kitu mu nyumba. Bibi yako iko na mimba."

"Mama, mvua inanyesha. Chuma iko chuma tu."

Haya. Mamy, mkewe, alikuwa amelala chumbani, mimba imekomaa. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya wakati, na Symphorien alikuwa amemwomba Mungu ampe huyu wa tatu mpaka magoti yakachubuka. Mtu anangoja kitu kama hicho, halafu anapuuza neno la mama yake kwa sababu ya mvua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akatandika kitambaa mezani. Akachomoa kulasi. Akazungusha mkia wake, resori, ile springi ya ndani, ikalegea, pini ikatoka. Akachovya kipande cha nguo katika mafuta ya taa, akafuta.

Kikatoka cheusi. Masizi hayo, si kitu.

Akafuta tena. Kikatoka cha manjano. Kinanata.

Akanusa...

Asali.

Asali mbichi, pamoja na moshi wa majani, ule wa kufukuzia nyuki. Alifuta tena na tena, na kadiri alivyofuta ndivyo ilivyozidi kutoka, ikatambaa mpaka ukingoni mwa meza, ikaanza kudondoka chini.

To... to... to...

Halafu akasikia mtu anapumua mlangoni.

"Hodi..."

Mwanaume alikuwa amesimama pale nje, kamba ya kupandia miti begani. Mvua ilikuwa inamwangukia, lakini nguo zake zilikuwa kavu. Uso haukuonekana vizuri kwa lile giza la jioni.

"Karibu, Papa," Symphorien akasema. Mazoea tu. Ulimi ulitangulia akili.

"Aksanti, kaka. Umenifungua."

"Miye? Miye sikujui."

"Baba yako alinijua. Nilikaa mule siku mingi. Sasa umepangusa kila kitu." Akavuta pumzi. "Nitalala wapi?"

Symphorien akaikamata pini, akaisukuma ndani ya resori, arudishe kulasi ilivyokuwa. Resori ikaruka. Akaiokota, ikaruka tena.

"Sitaingia tena," mgeni akasema polepole. "Mule munanuka mafuta." Akageuza kichwa, akatazama pazia la chumbani. "Kule njo kuko joto."

Na kutoka nyuma ya pazia Mamy akaita.

"Symphorien... mutoto ameacha kucheza."

Woga ulimshika mpaka mkojo ukamtoka. Sisemi hivyo kumcheka. Nani kati yetu angesimama mkavu?

"Mwache," akanong'ona.

"Nitalala wapi?"

"Kwangu. Lala kwangu. Mwache mutoto."

Mgeni akaliacha pazia, akamgeukia yeye.

"Njo vile," akakubali.

Symphorien hakumwona akipita. Alisikia tu kifua kinakuwa kizito, na kinywa kinajaa utamu wa asali mpaka akataka kutapika. Alipoinua macho, mlangoni hapakuwa na mtu.

"Amepiga teke," Mamy akasema kule ndani, akicheka na kulia. "Amepiga teke kubwa."

Mama Pétronille aliingia amejifunika kitenge kichwani. Akaiona ile asali. Alikaa chini sakafuni palepale, akasimulia kwa sauti ya chini ili Mamy asisikie.

Ilikuwa kabla Symphorien hajazaliwa. Baba yake aliona kitu juu ya mti, akadhani nyani, akafyatua. Aliyeanguka alikuwa mrina asali, mtu wa mbali. Papa Sébastien aliogopa ukoo wa yule mtu, akamzika palepale chini ya mti, halafu akaenda kwa mzee mmoja wa mila. Mzee akamfunga huyo mrina ndani ya kulasi, asiwafuate nyumbani. Maji ya mto ndiyo yaliyokuwa yanamtuliza.

"Alikuwa nani?"

"Hatukuuliza," mama yake akasema. "Tulinyamaza."

Kesho yake padri alikuja, akaomba, akanyunyiza maji kila pembe. Kulasi ilifungika bila shida yoyote, na Symphorien akaitupa mtoni mwenyewe. Padri alisema huenda nyuki walijenga darini, asali ikaingia katika chuma. Labda. Mimi sikuwepo.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, ana nguvu, analia kwa sauti inayofika barabarani. Walikuwa wamechagua jina tangu zamani: Noëlla. Mama Pétronille alimfunga vizuri katika kitenge kipya, akampa baba yake ampakate, na Mamy kitandani akawatazama wote wawili kwa furaha isiyo na kipimo.

Symphorien akainama amwite kwa jina lake.

"Bibiche," kinywa chake kikasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyechoka na njia. "Bibiche, mama yako iko wapi? Aliningojea?"

Furaha ikamtoka Mamy usoni. "Bibiche njo nani?"

Symphorien hakumjua Bibiche. Alimkumbatia mtoto akaanza kulia, wala hakujua kama analia yeye au yule mwingine aliyelala kwake.