Sikio la Ndoo

Kwa kawaida Nkasiogi wa Ngaramtoni huongea tangu alfajiri kuku wanaposhuka mtini. Asubuhi ile alikamua ng'ombe kimya. Jana yake kiwanda cha mtindi kilimwaga pipa zima lililoharibika. Maziwa ya nyumba nyingi yalichanganywa humo, lakini watu walimnyooshea kidole yeye. Eti ndoo zake ni kuukuu. Kosa moja tena, kiwanda hakitapokea maziwa yake.

Silantoi, mpokeaji wa maziwa kiwandani, akaja na stika zenye vimraba vyeusi.

"Shikamoo, yeyo," akamwamkia, yaani mama kwa Kimaasai.

"Marahaba. Umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja kubandika hizi kwenye ndoo za wote."

"Ndoo yangu imeiba nini hata ivalishwe namba ya mfungwa?"

Silantoi akatazama zizini. "Ng'ombe wako unawakata masikio ya nini?"

"Wakichanganyika na wa jirani, niwajue wangu."

"Maziwa hayana masikio, yeyo. Tunaipa ndoo sikio."

Nkasiogi akacheka mpaka akashika mbavu. Akabandika stika mwenyewe.

Lesian, kijana wa pikipiki anayekusanya maziwa, akafundishwa kupiga picha stika kwa simu kila anapopokea ndoo. Kiwandani Silantoi alipiga tena, akapima maziwa, ndipo akayamimina pipani. Simu ikatunza yote: ndoo ya nani, imetoka lini, imefika lini.

Haukupita muda, ndoo ya Nkasiogi ikakutwa imechacha. Akaitwa. Akaenda amevaa shanga zake zote, kama anayekwenda kuozesha.

"Ndoo ni yako," Silantoi akasema, akisoma simu. "Ila ilitoka kwako alfajiri, imefika jua likiwa utosini. Na zote zilizokuja na Lesian leo zimechacha."

Macho yakamgeukia Lesian.

"Nilipata pancha," akasema.

"Pancha hiyo si ndiyo Naisiae, muuza chai wa pale njiani?" Nkasiogi akauliza.

Lesian akainama. "Chai yake ni ya moto sana, yeyo."

"Ukiisubiri ipoe, maziwa yangu yanaganda."

Siku hizi Lesian hufikisha maziwa kwanza, chai baadaye. Ndoo ikiharibika, humwagwa hiyo tu, pipa linasalimika. Mtindi hauishi dukani, na maziwa ya Nkasiogi yanapokelewa kila siku.

Juzi Naisiae alimfuata Nkasiogi, akaomba stika moja.

"Una ng'ombe wewe?"

"Sina. Lesian ndiye siku hizi anachelewa kwangu."

Nkasiogi akambandulia stika moja ya akiba, kubwa.

"Mbandike sikioni," akamwambia.