Mitungi Mitatu ya Bahari

Gari moshi lilichelewa asubuhi ile ya mwaka wa 1991, na stesheni ya Kisumu ilijaa watu, kuku na magodoro yaliyoviringishwa. Perez alisimama karibu na behewa la mizigo. Alivaa gauni la madoadoa lenye mabega ya kuinuka, nywele amezinyoosha kwa chanuo la moto, na miguuni pake palikuwa na mitungi mitatu ya manjano.

"Dada, hiyo ni pombe ya chang'aa ya jumla ama mafuta ya taa?" Aliyeuliza ni kijana mrefu wa suruali ya kodoroi, amekumbatia katoni la vipuri vya redio.

"Onja ujue."

"Na nikifa?"

"Nitakuja matanga, nile nyama."

Kijana akafungua kifuniko, akachovya kidole, akaramba. Uso ukamkunjamana wote. "Wuololo! Nani ametia chumvi yote hii?"

"Mungu. Hiyo ni bahari, imetoka Mombasa."

Jina lake Joram, fundi wa redio pale Kondele. Alimbebea mitungi miwili mpaka nyumbani kwao Perez, nyuma ya soko la Kibuye, na huko akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona mtu wa ziwani. Sebuleni, juu ya meza ya chuma, palikuwa na sanduku la kioo la kuingia madebe kumi ya maji. Ndani mlikuwa na matumbawe ya zambarau, na ua la bahari lenye vidole laini vinavyopungapunga, na katikati ya vidole hivyo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mishipi myeupe.

Mzee Gordon, babake Perez, alifanya kazi ya reli Mombasa miaka thelathini. Alipostaafu wenzake walirudi na makabati. Yeye alirudi na bahari. Mkewe alikuwa akiwalisha wale samaki kwa mkono mpaka alipofariki, na tangu hapo mzee hakupenda mtu aguse kioo.

Siku hiyo pampu ya hewa ilikuwa ikikoroma. Joram akaitengeneza. Kesho yake akarudi kusikia kama bado inakoroma. Kesho kutwa pia.

"Pampu imepona," Perez akamwambia wiki ya tatu, cherehani anayoshonea nguo za wateja ikiwa imesimama mbele yake.

"Mimi ndiye sijapona, jaber, mrembo wangu."

Basi, ndivyo walivyopendana. Mzee akanung'unika kidogo, lakini akazoea kuona viatu vya Joram mlangoni.

Mwaka uliofuata mzee aliitwa Mombasa kufanyiwa upasuaji wa jicho, na Perez akamsindikiza. Wangekaa wiki tatu kwa Dishon, kaka yake Perez. Perez alimkabidhi Joram ufunguo wa akiba, akamwandikia karatasi ya maagizo, akaibandika ukutani. Mitungi mitatu ya maji ya bahari akaipanga chini ya meza, kwa usafi tu, watu wasijikwae.

Kila Jumapili walipigiana simu, Joram akiwa dukani kwa Mama Elsie, jirani.

"Wanaendeleaje?"

"Wanakula kuliko mimi. Maji yanapungua na joto hili, lakini nimejaza mpaka kwenye alama."

"Nimekukosa, Joram."

"Mimi nimekukosa mpaka redio za watu nazifunga kinyume."

Perez alitangulia kurudi, mzee akibaki amefungwa jicho. Alifungua mlango saa nne asubuhi, kikapu cha nazi mkononi, akitabasamu mwenyewe. Tabasamu likaanguka hapo hapo.

Kingo za kioo zilikuwa na ukoko mweupe wa chumvi. Ua la bahari limesinyaa kama soksi iliyolowa. Samaki wawili walikuwa chini kabisa mchangani, wakihema haraka haraka. Akachukua kipimo cha chumvi cha babake, kile kioo chembamba kinachoelea kama kalamu. Mzee alikichorea mstari mwekundu kwa rangi ya kucha ya marehemu mkewe. Mstari ule ukigusa maji, chumvi ni ya kutosha. Chumvi ikizidi, kipimo huelea juu. Sasa mstari ulisimama upana wa vidole viwili juu ya maji.

Joram aliingia akipangusa mikono, furaha imemjaa. "Umefika! Mbona hukusema nije stesheni?"

"Yale maji ya baba yapo wapi? Mitungi yote ni mitupu!"

"Nimewajazia samaki. Kila wiki mtungi."

"Maji ya bahari? Umejazia maji ya bahari?"

"Sasa samaki wa bahari ningempa maji gani, Perez? Ya mfereji?"

"Ndiyo! Ya mfereji! Ya bahari ni ya kubadilishia yaliyochafuka. Jua linabeba maji, chumvi inabaki. Wewe umeongeza chumvi juu ya chumvi. Umewaua!"

"Mimi nilifikiri..."

"Rudi ukafikirie kwa redio zako! Leta ufunguo."

Joram aliuweka mezani polepole, akatoka. Perez akakimbia kwa Mama Elsie, akapiga Mombasa. "Baba, Joram ameharibu maji. Samaki wa mama wanakufa."

"Huyo," mzee akasema, "asikanyage tena mlango wangu."

Perez aliporudi nyumbani akaikabili ile karatasi ukutani, amsute Joram hata kama hayupo. Mwandiko wake mwenyewe, wa duara na safi. *Maji yakishuka chini ya alama, jaza.* Akatafuta neno lingine. Akageuza nyuma. Hakuna. Kwao kila mtu alijua hujazwa maji matamu, hata mtoto. Na kwa kuwa alilijua tangu utotoni, halikumjia kuliandika. Na mitungi aliiweka yeye, pale pale mkono unapofika.

Uso ukamwaka moto. Lakini badala ya kwenda Kondele, alichukua ndoo, akafungua mfereji, akachota maji yenye chumvi akamwaga, akatia ndoo nzima ya maji mapya kwa mkupuo. Alitaka kosa liishe haraka. Samaki mmoja akainuka, akazunguka kama aliyelewa, akalala ubavu. Mchana ukamkuta amekwisha kufa.

Perez aliketi sakafuni. Halafu akafunga leso kichwani, akaenda Kondele.

Joram alikuwa ameinamia redio. Hakuinua kichwa. "Karibu, mteja."

"Joram, sikukuambia ni maji gani. Nimesoma karatasi. Kosa ni langu, nikakutupia wewe."

"Na mzee umemwambia nini?"

Perez akavuta ncha ya leso yake.

"Eh. Umemwambia ni mimi."

"Nimemwambia ni wewe. Na leo asubuhi nimeua mmoja kwa haraka yangu. Amebaki mmoja tu. Siwezi kumwokoa peke yangu."

Joram aliweka bisibisi chini. Alikuwa na hasira bado, ilionekana shingoni. "Naenda kwa ajili ya samaki," akasema. "Mambo yetu mimi na wewe yako kando."

Njiani alinunua mpira wa dripu kwenye duka la dawa. Walijaza beseni maji ya mfereji, wakatia mrija mmoja wa pampu ya hewa yapumue siku nzima mpaka dawa ya kusafishia itoke na harufu yake. Kisha Joram akafunga fundo kwenye mpira, maji yakaanza kushuka tone, tone, tone. Kila baada ya muda Perez alichota kikombe kimoja cha maji ya chumvi kutoka kwenye kioo.

"Legeza kidogo," Perez akasihi siku ya kwanza. "Anahema sana."

"Wewe ndiwe uliyesema haraka inaua. Kunywa chai."

Siku ya pili mstari mwekundu uliteremka nusu ya njia. Joram alimkatia mkate, na Perez akamshonea kifungo cha shati bila kuombwa.

Siku ya tatu, jua la mchana likiwa dirishani, mstari uligusa maji. Perez alipima mara mbili. Ua la bahari likafungua kidole kimoja, kisha kingine, na yule samaki aliyebaki akajisukuma taratibu, akaingia katikati yake, akatulia.

Perez hakungoja. Alimshika Joram mkono, wakavuka mpaka kwa Mama Elsie.

"Baba. Samaki mmoja amekufa, na niliyemuua ni mimi. Joram sikumwambia ajaze maji gani. Nilikudanganya kwa hasira. Aliyemwokoa huyu mwingine ni yeye, siku tatu, tone kwa tone."

Mama Elsie aliacha kupima sukari ili asikie vizuri.

"Yuko hapo?" mzee akauliza. "Mpe simu."

Joram alisimama wima kama yuko mbele ya chifu. "Ndiyo, baba... Ndiyo... Hapana, baba... Ndiyo." Akaweka simu. Jasho lilimtoka puani.

"Amesema nini?"

"Ameuliza wazee wa kwetu watakuja lini nyumbani kwenu."

Perez aliziba mdomo kwa leso. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimemwambia akirudi tu watakuja. Na nitawaonya wote wasimwage hata glasi ya maji karibu na kile kioo."