Karatasi Nyeupe ya Mwisho

Guerschom alikuwa ameingiza sindano kwenye tundu la tatu mvua ilipoanza kupiga mabati ya soko la Nateete. Alikuwa akishona hadithi. Zilitoka katika kitabu kimoja kinene cha Waingereza wa zama za Malkia Victoria, hadithi fupi fupi za wapelelezi, za magari ya farasi na taa za gesi. Kilimfikia ndani ya sanduku la msaada la kanisa, mwaka aliofika Kampala kutoka Butembo, kikiwa kimekatika mgongo. Hakuwa na mwalimu, kwa hiyo alikifumua karatasi kwa karatasi ili aone vitabu hufungwa namna gani, na alipokwisha kuona hakukirudisha kuwa kimoja. Kila hadithi aliipa jalada lake na uzi wake, na majirani waliokuwa wakijifunza Kiingereza wakawa wanaziazima moja moja.

Nyuma ya kila hadithi alishona karatasi nyeupe. "Ukimaliza, andika ulivyoona," aliwaambia. "Lugha yoyote."

Watu walisukumana kutafuta pa kujikinga. Msichana mmoja alijipenyeza mpaka kwenye meza yake. Alivaa gauni la njano na viatu vya wazi, na juu ya gauni koti la mvua jeusi la polisi, pana mabegani, refu kupita magoti.

"Fundi, nisaidie nijifiche hapa kidogo."

"Jifiche tu, dada. Ila usiidondoshee maji London."

"Wapi?"

Akamsogezea kijitabu kimoja. "Humu. Kuna mtu ameibiwa saa ya dhahabu, na mvua yao wenyewe inawatosha."

Msichana alicheka, akavua koti na kulikunja mbali na meza. Aliitwa Abalo. Alifanya kazi katika duka la dawa Bukoto, na kila jioni alipita Nateete akirudi nyumbani. Mvua haikuwa na haraka, naye akafungua kijitabu ukurasa wa mwisho.

Mchungaji Elie alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba mwizi alinyimwa nafasi ya kutubu. Annick wa saluni aliuliza mbona humo ndani hakuna anayempenda mwenzake. Oola wa bodaboda aliona kwamba dereva wa gari la farasi alijua kila kitu tangu mwanzo, na kama wangemuuliza yeye, hadithi ingekuwa ya ukurasa mmoja. Mama Kahambu, muuza maharage wa meza ya jirani, alitaka kujua hao mabwana walipikiwa na nani.

"Nani amesema kweli?" Abalo aliuliza.

"Wote wamesoma vizuri. Mimi nashona tu."

"Wewe huna maoni?"

Guerschom alifikiri, kama alivyofikiri kabla ya kukata karatasi. "Napenda jinsi mpelelezi anavyoangalia. Anaona tope kwenye kiatu chako, anajua umetoka wapi. Kila kitu kinapata jibu."

"Nipe nisome, nitakuambia."

Guerschom aliomba namba yake ya simu. "Kwa ajili ya kitabu," alieleza, na Mama Kahambu akakohoa bila kuwa na kikohozi.

Kijitabu kilirudi baada ya wiki. Abalo alikuwa ameandika kwa herufi ndogo, zilizonyooka: *Mtumishi wa ndani analia tangu ukurasa wa pili. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mpelelezi anaangalia vidole vya watu, hawaulizi.*

Guerschom alimpigia jioni ile ile.

"Anauliza," alisema.

"Anauliza akiwa ameshajua jibu. Hiyo si kuuliza, fundi. Hiyo ni kujionyesha."

"Umemchukia bure."

"Sijamchukia. Namhurumia mke wake."

"Hana mke."

"Umeona sasa?"

Kuanzia hapo simu ikawa ya kila siku. Guerschom alimwita afande, kwa sababu ya lile koti. Abalo alimwita fundi, kisha fundi wangu, na mara moja, akiwa na usingizi, alisema "wangu" tu, akakata simu kwa aibu. Jumamosi walikula chapati za mayai wakiwa wamesimama kando ya barabara, wakibishana kama yule mke wa kasisi wa hadithi ya tatu alistahili kusamehewa. Guerschom alinunua shati la buluu. Alikusudia kulivaa Jumapili na kumuuliza Abalo kama anaweza kufika nyumbani kwao, akajulikane. Katika miaka minane ya Kampala hakuna mlango hata mmoja uliokuwa ukimsubiri, na alitaka mlango huo.

Kisha hadithi ya nne ikarudi ikiwa na miandiko miwili. Chini ya ule wa Abalo kulikuwa na herufi kubwa, nzito, zilizokandamizwa hadi karatasi ikatoboka: WATU WAMEACHWA WAKANYAGE ENEO LA TUKIO. HII NI KAZI MBAYA. MIMI NINGEFUNGA MLANGO.

Mwandiko huo ulikuwa wa Mzee Oyet, baba yake Abalo, polisi mstaafu aliyefungiwa nyumbani na magoti yake. Abalo alimsomea kila jioni kabla ya chakula, na mzee aligombana na wapelelezi wa Kiingereza mmoja baada ya mwingine, mpaka siku hiyo akamnyang'anya binti yake kalamu. Abalo alidhani Guerschom atafurahi kupata msomaji mpya.

Guerschom hakujua lolote kati ya hayo. Alifanya kama vitabu vyake vilivyomfundisha. Koti la mwanamume mwenye mabega mapana. Rangi nyeusi ya viatu kwenye kidole gumba cha Abalo kila Jumatatu. Lile neno lake, "niache niwahi, hapendi kula peke yake," ambalo mwanzoni alidhani linamhusu mdogo wake Abalo. Na sasa mwandiko wa kiume. Alivipanga vitu hivyo vinne kichwani, vikakaa sawasawa, na kwa sababu vilikaa sawasawa aliviamini.

Shati la buluu lilibaki kwenye mfuko wake. Simu ya Abalo iliita, akaitazama mpaka ikanyamaza. Hadithi ya tano aliiacha kwa Mama Kahambu ili ampe akipita, bila karatasi nyeupe nyuma.

Abalo naye alikuwa na macho. Aliwajua Wakongo wengi ambao maneno yaliwakauka kinywani wakiona nguo ya askari, na alijua hawakuanza hivyo bila sababu. "Sasa amelitazama lile koti vizuri," alijiambia. Aliyemlaumu mpelelezi kwa kutouliza, naye hakuuliza. Wiki tatu zilipita hivyo, na kwa siku zote hizo Guerschom alishona vibaya.

Mzee Oyet ndiye aliyepapasa nyuma ya kijitabu. "Karatasi yangu iko wapi?"

"Labda amesahau, Baba."

"Mtu anayeshona hivi hasahau. Nipe namba yake."

"Baba, acha."

"Nina maoni. Nitayaandika wapi, ukutani?"

Simu ilimkuta Guerschom akipaka gundi. Sauti ilikuwa nene, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Wewe ndiye Guerschom mshona vitabu?"

"Ndiyo, bwana."

"Jina la baba?"

"Paluku."

"Umempa Abalo hadithi ngapi?"

"Tano. Nisamehe sana, bwana. Kama ningejua, nisingempa hata moja."

"Kama ungejua nini?"

Gundi ilimkaukia kidoleni. "Kwamba ameolewa."

"Ameolewa na nani?"

"Na wewe, bwana."

Kilichofuata Guerschom alikidhania kikohozi, mpaka kikawa kirefu mno kuwa kikohozi. "Abalo," sauti iliita kwa mbali, "njoo usikie. Mshukiwa amekiri kosa ambalo halipo."

Simu ikabadili mikono.

"Fundi."

"Afande."

"Huyo ni baba yangu."

Guerschom aliketi juu ya gunia la maharage la Mama Kahambu.

"Na umejuaje kwamba nimeolewa?" Abalo aliuliza, kwa upole wa kutisha.

Akamweleza vitu vyote vinne, kwa mpangilio.

"Koti ni lake. Viatu ni vyake, navipaka rangi kila Jumapili. Haendi popote, lakini anataka ving'ae. Wiki tatu, Guerschom. Ungeuliza neno moja."

"Ni kweli. Na wewe ulidhani nini niliponyamaza?"

"Nilidhani umeogopa lile koti."

"Nimewahi kukimbia watu wenye sare, sitakuficha. Wewe sikukuogopa. Nilimwonea wivu mwenye koti."

"Mwenye koti ana miaka sabini na moja."

"Nashukuru kusikia."

Abalo alicheka, na Guerschom akashika simu kwa mikono miwili.

Alikuja siku iliyofuata alasiri, amevaa gauni la kitenge cha kijani, nywele zimesukwa upya. Jua lilikuwa kali, na koti hakulibeba. Mama Kahambu alimwona wa kwanza.

"Guerschom, simama. Mke wa watu amefika."

"Mama, nisamehe leo tu," Guerschom alisema.

"Leo ndiyo siku yenyewe. Nimevumilia kununa kwenu kwa kijinga wiki tatu, niachie nicheke."

Guerschom alikuwa amevaa shati la buluu, na mikunjo ya dukani bado ilionekana. Mbele yake kulikuwa na hadithi ya sita, na sindano ilikuwa imepita matundu mawili. Karatasi nyeupe ya mwisho ilikuwa haijashikwa na uzi bado. Aliichomoa, akampa Abalo. Kwa mara ya kwanza alikuwa ameandika yeye mwenyewe kabla ya msomaji yeyote.

*Niliona koti, viatu na mwandiko. Mtu sikumuona. Nashukuru kwa simu ya mzee. Nashukuru kwa mvua ya siku ile. Ninaomba kufika nyumbani kwenu pamoja na Mama Kahambu na Mchungaji Elie, niseme mbele ya wakubwa kwamba nataka kumuoa Abalo, kama yeye mwenyewe anataka. Namuuliza. Sijui jibu.*

Abalo aliisoma mara mbili. Sokoni mtu alikuwa akiita bei ya nyanya, na pikipiki ya Oola ilikuwa ikikataa kuwaka.

"Hujui jibu kweli?"

"Sijui."

"Hakuna dalili uliyoiona?"

"Nimeacha kuziangalia. Nakuangalia wewe."

Aliomba penseli. Aliinama mezani akaandika chini ya maneno yake, kwa zile herufi ndogo zilizonyooka, kisha akamgeuzia asome: *Mpelelezi huyu alikosea kila kitu. Ninamtaka hivyo hivyo.*

Mama Kahambu, ambaye hakuiona karatasi, alitazama nyuso zao mbili, akaanza kujifuta macho kwa ncha ya leso.

Abalo alikuwa tayari anaikunja karatasi, taratibu, na kuitia kwenye mkoba.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa Baba. Naye lazima aandike ya kwake."

"Atasema nini?"

"Sijui. Ila atasema kwa herufi kubwa."

"Na kitabu changu? Siwezi kukifunga bila hiyo."

"Nitairudisha kesho, mpenzi. Kiache wazi."

Guerschom aliingiza sindano kwenye tundu la tatu, akaiacha humo, uzi ukining'inia ukingoni mwa meza. Akafunika kazi kwa nailoni ili asimsindikize Abalo huku akiwaza vumbi.

"Hukimalizi?" Mama Kahambu aliuliza.

"Kesho, Mama. Kuna mtu bado hajaandika."