Nguo za Kitambaa Kimoja

Bibi alikuwa fundi cherehani, na kwake hakuna tatizo lisilotibika kwa kitambaa. Kiti kikivunjika, alikivisha foronya. Binti yake alipomkatia tiketi za meli ya matembezi, aende na wajukuu wawili, alitandika kitambaa cha bluu mezani akachukua mkasi.

"Mume wangu, simama wima nikupime," alimwambia mjukuu wa kiume.

Alimwita hivyo tangu azaliwe, kwa utani wa bibi na mjukuu. Mtoto akatoa kifua mbele.

"Bibi, mbona zote za kitambaa kimoja?" aliuliza dada yake. Huyu walimwita Maswali, na jina lilimkaa.

"Ili kila atakayetuona ajue ninyi ni wangu. Tena huyu ana pua yangu. Nani atauliza?"

"Mimi nitauliza," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa jirani yao, mkaguzi wa hati bandarini. Alifuata suruali yake ya kazi iliyopunguzwa kiuno.

"Wewe si unanijua?"

"Jirani anakujua, mama. Mkaguzi hakujui. Dirishani kwangu kila mtu husema watoto ni wake. Hata mwizi wa watoto husema hivyo."

Bibi aliweka mkasi chini. Neno hilo lilimchoma.

"Haya, mnataka nini?"

"Pasipoti kwanza. Kila mtoto ana yake?"

"Maswali anayo. Huyu mdogo atapita na yangu. Kwani ana uzito gani?"

"Hatupimi uzito! Mnavuka mpaka. Hata anayenyonya anahitaji yake."

Maswali alikimbia kuleta pasipoti yake. Mkaguzi aliifungua.

"Hii inakaribia kuisha. Nchi nyingi hutaka ibaki na miezi sita baada ya safari. Ibadilisheni."

"Na jina langu ni la baba," alisema Maswali. "Halifanani na la bibi."

"Umeona? Basi chukueni vyeti vya kuzaliwa, vyenu na cha mama yenu, ili uzi wa ukoo uonekane. Na barua ya ruhusa ya wazazi."

"Barua ya nini? Binti yangu ndiye aliyenikatia tiketi!"

"Tiketi haisemi kwamba baba yao amekubali. Waandike wote wawili: majina ya watoto, nani anawachukua, meli gani, lini mpaka lini, na namba zao za simu. Waongeze kwamba unaruhusiwa kumpeleka mtoto hospitali akiugua. Wasaini mbele ya wakili, agonge muhuri."

"Na viza?" aliuliza Maswali. "Na chanjo?"

"Ulizeni kampuni ya meli, na ubalozi wa kila nchi mtakakoshuka. Sheria hazilingani."

"Na tukikosa?"

Mkaguzi alikunja suruali yake polepole. "Juzi babu mmoja alirudishwa na wajukuu wake. Meli iliondoka wanaitazama. Nilijifungia chooni nikalia."

Bibi aliwatazama wajukuu wake. Hakutaka kuyaona machozi hayo. Alijua usipoziba ufa utajenga ukuta, akachukua simu akampigia binti yake.

Baba yao, dereva wa lori, alipita na mama yao kwa wakili kusaini kabla ya kurudi barabarani. Pasipoti zikatoka. Nguo nazo zikaisha.

Siku ya safari, jirani hakuwa zamuni. Dirishani alikaa mkaguzi mwingine, mwanamume mwenye miwani. Alitazama zile nguo tatu.

"Mmependeza," alisema. Kisha akamwinamia mtoto wa kiume. "Huyu uliyekuja naye ni nani wako?"

"Mke wangu," mtoto alijibu, kwa sauti ya kusikika foleni nzima.

Watu wa foleni wakageuka. Miwani ikashuka puani. Mkono wa bibi uliingia kwenye mfuko aliojishonea ndani ya gauni, ukatoa vyeti na barua yenye muhuri.

Mkaguzi alisoma yote. Kisha akapiga namba iliyoandikwa.

"Mama wa watoto? Unajua walipo?" Alisikiliza, akatabasamu. "Ndiyo, wako hapa. Ila mwanao anasema ameoa."

Kicheko cha binti wa bibi kilisikika mpaka nje ya dirisha. Mihuri ikagongwa.

"Pita, bwana harusi," mkaguzi alisema.

Kwenye ngazi ya meli bibi aliwashika wajukuu wake mikono, mmoja kila upande. Hakuwaachia mpaka honi ilipolia na meli ikaondoka, nao wakiwa ndani.