Maganda Yaliyolia Nyumbani kwa Mayu

Mwezi wa saba Mpanda asubuhi baridi inauma masikio, na anayebisha hajawahi kuoga maji ya ndoo saa kumi na mbili. Siku hiyo stendi imejaa, redio zinapiga kelele, wauza mayai wanapishana na mizigo, na kwenye basi la Inyonga anashuka binti na gunia kubwa kuliko yeye. Gauni la kitenge cha njano, sweta ya kijani, skafu kichwani. Anaitwa Agatha. Hatua mbili tu, gunia likapasuka. Yakamwagika manyoya ya kanga, nyasi kavu, maganda ya miyombo yale bapa magumu, na bonge la nta linalonukia asali.

Kijana muuza mablanketi, mrefu, mzula mwekundu kichwani, akainama kumuokotea. Huyo ndiye Masalu.

"Dada, mbona unahama na msitu?"

"Ndiyo kazi yangu. Napamba nyumba za watu."

"Na majani makavu? Sisi hayo tunawapa ng'ombe."

"Ndiyo maana nyumba zenu zinafanana na zizi."

Masalu akacheka mpaka blanketi likamponyoka begani. Wakapeana namba. Haikuchukua muda, simu ikawa "asali yangu" huku na "blanketi langu" kule, mpaka mtu mzima unaona aibu kusikiliza.

Agatha alikuwa anasuka nywele saluni ya dada Glory, mtaa wa Kashaulili. Wateja wakikosekana anasokota nyasi duara, anabandika maganda na manyoya kwa nta ya moto. Ukitundika ukutani, nyumba ya baridi inaonekana kama ina jua ndani. Kitu kizuri, mimi mwenyewe ningenunua.

"Tengeneza pambo moja la Mayu," Masalu akamwambia. Mayu ndiye mama yake, Msukuma aliyekuja Katavi na ng'ombe zamani, sasa anakaa mjini kwa mwanae kwa sababu ya presha. "Akilipenda tu, namwambia habari zetu."

"Na asipolipenda?"

"Asali yangu, nani atakuchukia wewe?"

Pambo likaisha, Masalu mwenyewe akalitundika kwao, juu ya kiti cha Mayu. Jioni baridi ikashuka, wakaingiza jiko la mkaa, wakaliweka pale pale chini.

Mayu anasinzia. Pa! Kitu kikamgonga kwenye paji la uso. Pa! Kingine kikapiga kikombe. Mlango uko wazi, nje hakuna mtu. Mayu akapiga yowe, majirani wakajaa.

"Anarushiwa mawe na mtu haonekani!"

Jirani mmoja, Mama Verdiana, akanyoosha kidole ukutani. "Na yale manyoya nani kayaleta?"

Masalu akalishusha lile pambo kwa fimbo, hata mkono hakugusa, akalitupa shimoni. Halafu akapiga simu.

"Agatha, umenipa nini nikatundike kwa mama yangu?"

"Pambo, mpenzi. Kuna nini?"

"Mawe yanaruka ndani! Mama presha imepanda! Umeweka nini mle?"

"Mawe? Masalu, mimi sijui mawe yoyote..."

Akazima.

Kesho yake maneno yalishafika saluni. Mteja aliyekuwa nusu kichwa kimesukwa akasimama, akajifunga kanga, akaondoka hivyo hivyo. Agatha akaweka kitana chini. Kwao kuna bibi mmoja aliitwa mchawi, aliondoka kijijini na mwiko na sufuria, hajaonekana tena. Akawaza basi la Inyonga. Akawaza pia, nikikimbia si ndiyo nimekubali?

Amekaa hivyo, maganda yake yamepangwa kidirishani, karibu na draya ya kukaushia nywele inayovuma. Pa!

Kokwa bapa la kahawia, kama kifungo cha koti, likagonga kioo. Dada Glory akatoka mbio na wateja wote nyuma yake. Agatha akaliokota. Msituni kwao yale maganda yanalia kutwa jua likiwaka, yanajipasua na kurusha mbegu, hata mtoto hageuki. Yeye aliyachuma kwenye baridi, yamelala. Joto la draya limeyaamsha, na jiko la mkaa kwa Mayu hakulifikiria.

Akafunga maganda kwenye kanga, akaenda kwa Mayu. Masalu akamzuia mlangoni.

"Rudi. Watu wanasema vibaya."

"Na wewe umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Hicho ndicho kinaniuma, Masalu."

Sauti ya Mayu ikatoka ndani. "Mwache aingie. Nimwone usoni."

Agatha akapiga goti, akasalimia. Jiko linawaka, Mayu kajifunika blanketi mpaka kidevuni. Dirishani macho matupu ya majirani. Akaweka maganda karibu na moto.

"Mayu, ni mbegu. Zikipata joto zinaruka."

Wakangoja. Kimya. Mkaa unakolea, maganda yametulia kama yamekufa. Nje Mama Verdiana akasema, "Si mnaona?" Mayu anapumua kwa nguvu. Agatha jasho linamtoka kwenye baridi ile, anaomba kimoyomoyo, lia, lia, usiniue.

PA!

Agatha akaruka, akaangukia mapajani kwa Mayu, kamng'ang'ania shingo, anatetemeka kama kifaranga. Kokwa limetua kwenye blanketi. Mayu akaliokota, akaliangalia, akamwangalia yule binti. Akaanza kucheka polepole.

"Verdiana! Umeshaona mchawi anayeogopa uchawi wake mwenyewe?"

Dirishani watu wakapungua mmoja mmoja. Masalu akachuchumaa, kavua mzula, anaufinyanga mikononi.

"Agatha, niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini simu yangu ilikuwa wazi."

"Nisamehe. Mbele ya Mayu nasema, nataka kukuoa."

Agatha akafuta machozi kwa ncha ya skafu. Bado ana hasira, na bado anampenda, vyote viwili vinagombana usoni.

"Nitajibu ganda la pili likilia."

Wakakaa, Masalu sasa ndiye anayetoka jasho. Ganda halilii. Halilii.

Mayu akanyoosha mguu chini ya blanketi, taratibu, akalisogeza jiko karibu na maganda.