Maji ya Mhunzi M'Riungu

Kananu alitaka udongo. Ule wa kutafuna, mawe laini ya kahawia ambayo kina mama huuza katika soko la Gakoromone wakiyapanga mafungu mafungu juu ya gunia. Mimba ilikuwa imefika mwezi wa tisa, na mwanamke wa mwezi wa tisa akitaka kitu hangoji kesho. Tena ilikuwa mimba ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja ya kuombewa na kuchekwa. Kwa hivyo bwana yake, Gitobu, akachukua ufunguo, akapanda gari yake kubwa nyeupe, akaenda sokoni. Jua lilikuwa linashuka. Kazi ya nusu saa tu.

Huyu Gitobu alikuwa na duka la mabati na misumari pale Makutano. Zamani aliendesha pikapu za miraa, zile zinazokimbia kama zimeiba, na ule ugonjwa wa pikapu haukumtoka. Mtu wa miguu kwake alikuwa kuku. Mtu wa mkokoteni alikuwa takataka. Lakini mtu wa baiskeli, huyo ndiye hakumpenda kabisa. Akimpata mbele yake anampigia honi mpaka masikio yazibe, na kama hajaruka kwa mtaro, anamsogezea gari mpaka kioo cha pembeni kinamgusa kiwiko. Halafu anacheka. Mwanaume mzima, na kitambi chake, anacheka kwa sababu baba ya watu ameanguka kwa matope.

Jioni hiyo mzee mmoja alikuwa anapanda mlima wa Makutano. Baiskeli nyeusi ya zamani. Nyuma amefunga majembe mapya, na juu ya majembe kifurushi cha ngozi ya mbuzi. Anakanyaga polepole, pembeni kabisa, pale lami imeliwa na mvua. Hakuwa amemkosea mtu.

Gitobu akapiga honi.

Mzee hakuruka. Angeruka wapi? Upande huu mtaro, upande ule lori.

Gitobu akashusha kioo. "Mzee, barabara ni ya magari. Wewe na hicho chuma chako kibovu mnatafuta nini hapa?"

"Naenda nyumbani, kijana wangu."

"Pitia shambani basi."

Akazungusha usukani kidogo. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi. Baiskeli ikaingia mtaroni na mzee juu yake, majembe yakalia, na kile kifurushi kikafunguka katikati ya lami, mbele ya gari. Ndani mlikuwa na koleo na nyundo. Nyundo nyeusi, ya kichwa kimoja kikubwa, mpini umeng'aa kwa mikono ya watu wengi.

Mzee akainuka. Goti linavuja damu na hakuliangalia. Aliangalia nyundo.

"Mimi ni mhunzi," alisema kwa sauti ndogo. "Jina langu M'Riungu. Hiyo nyundo ni ya baba yangu, na ya baba yake. Shuka uiokote kwa mkono wako. Usiipitie juu."

Sasa sikilizeni. Huku Meru hata mtoto wa kuchunga mbuzi anajua vitu vya mhunzi haviibiwi, havirukwi, na havifanyiwi mzaha. Zamani mtu akiviruka kwa bahati mbaya alikuwa anapeleka mbuzi siku hiyo hiyo, mbio, bila kuulizwa. Na Gitobu alijua. Nyanya yake alimwambia akiwa mdogo. Hawezi kusema hakujua.

Aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya. Nje kulikuwa na matope.

Akakanyaga mafuta.

Ngo... gurudumu la mbele.

Ngo... la nyuma.

Halafu ikaja harufu. Vioo vyote vimefungwa, na ndani ya gari kukanuka kama chuma chekundu kimetoswa majini. Gitobu akatazama kioo cha nyuma. Mzee alikuwa amesimama na kipande cha mpini mkononi. Hakuwa anapiga kelele. Midomo tu ilikuwa inatembea.

"Mjinga," Gitobu akasema. Akaenda kununua udongo.

Alipofika nyumbani, ufunguo wa geti ulipinda mkononi mwake kama mshumaa uliokaa juani. Kananu akaja kumfungulia kwa ndani. Mezani, kijiko kilikuwa na ladha ya damu. Akakitema. Akachukua kingine. Damu.

"Ni nini, Gitobu?"

"Uchovu. Kula udongo wako."

Alfajiri uchungu ukamshika Kananu. Gitobu akakimbilia gari, na ufunguo wa gari nao ukapinda. Wakaita jirani. Jirani akawapakia wote wawili kwa kigari chake. Hakikunguruma. Akajaribu, akajaribu... kimya kabisa. Gitobu aliposhuka kwenda kusukuma, kikawaka chenyewe.

Jirani alimwangalia kwa muda. Akaondoka na Kananu, akamwacha amesimama barabarani.

Gitobu akaenda hospitali kwa miguu, kilomita nne, na hao madereva wa asubuhi wakimrushia maji ya madimbwi suruali yote. Hakuna hata mmoja aliyepunguza mwendo. Aliwatukana mama zao. Hakufikiria kitu kingine, maana watu kama yeye huona ubaya wa kitu siku kinapowapata wao.

Mchana daktari akasema mtoto amelala kwa upande. Lazima mama apasuliwe. Sista akaleta sindano ya kwanza. Ikagusa mkono wa Kananu, ikapinda.

Akaleta ya pili. Ikapinda.

Ya tatu ilikunjika kabla hata ya kugusa ngozi.

Sista alitoka nje na kisahani cha sindano zilizopinda. "Pakiti ni mpya," akanong'ona. "Mgonjwa wa kitanda cha pili tumemdunga na hizi hizi. Zimeingia vizuri." Akamwambia Gitobu mtoto hataweza kungoja mpaka usiku wa manane. Na mama pia.

Dada mkubwa wa Gitobu, Gladwell, alikuwa amekaa pale kwenye benchi na chupa ya uji. Mwanamke wa maneno machache, na hayo machache huwa makali. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu.

"Umemfanyia nani nini?"

"Mimi? Sijafanya kitu."

"Gitobu."

"Ni kamzee tu. Ka baiskeli. Vyombo vyake vilianguka..."

"Vyombo gani?"

Akaanza kufuta matope kwenye suruali.

"Vyombo gani, wewe?"

"Nyundo."

Gladwell akaweka chupa chini. "Umekanyaga nyundo ya mhunzi na gari," akasema polepole. "Na mke wako ana mimba. Kumbe kichwa chako kimebeba nywele tu. Toka hapa. Nenda kwa miguu, na ukifika piga magoti. Najua hujawahi, lakini utaona ni rahisi. Unakunja tu."

M'Riungu aliishi kule ng'ambo ya mlima, chini karibu na mto Kathita, na Gitobu akaulizia njia mpaka akafika. Jua lilikuwa linaelekea tena kulala. Mzee alikuwa amekaa mbele ya tanuri lake, goti limefungwa kitambaa. Tanuri lilikuwa baridi. Ile nyundo ilikuwa juu ya jiwe, imepasuka kichwa mara mbili.

Gitobu akapiga magoti. Akaeleza yote: funguo, sindano, mtoto.

Mzee hakumuonea huruma ya haraka. "Jana ulikuwa na mdomo," alisema. "Nilikwambia ushuke. Ni kitu kidogo, kushuka."

"Nisamehe, muthee, mzee wangu. Si kwa ajili yangu."

"Hiyo angalau ni kweli."

Akachukua mkebe wa plastiki, akauchovya kwenye shimo la maji lililochongwa ndani ya gogo. Haya ndiyo maji ya kuzimia chuma kikitoka motoni. Yalikuwa meusi, yana mafuta mafuta juu. "Hii ndiyo dawa. Unawe mikono yako, halafu upake mkono wa mke wako, mkiwa pamoja, maana nyumba ni moja. Mkebe haufunikwi. Utabeba hivi hivi. Na utaenda na baiskeli yangu. Ndiyo chuma pekee nilichokiambia kikubebe."

"Na hao wenye magari, muthee? Watanimwaga."

M'Riungu akamtazama. Akacheka kidogo puani.

"Unawajua kuliko mimi," akasema.

Basi Gitobu akapanda. Mkono wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umeshika mkebe. Mwanaume wa mabati na misumari, na kitambi chake, anapanda mlima kwa baiskeli ya mzee na jasho linaingia machoni. Lori likampita likimwachia moshi. Matatu ikampigia honi. Makanga akatoa kichwa, akamuuliza kama anapeleka uji kwa mama yake. Maji yakaruka, yakamwagika kidogo. Gitobu akalia kwa hasira. Akaendelea kukanyaga. Makutano akaiona, taa za maduka zinawaka moja moja.

Ndipo akasikia injini nyuma yake.

Aliijua. Mtu anaijua injini ya gari yake kama anavyojua kikohozi cha baba yake.

Ilikuwa inakuja polepole. Haikupiga honi. Gari nyeupe ikafika sambamba naye, karibu, karibu zaidi... na ile harufu ikamjaa puani. Chuma kilichotoswa majini.

Kioo kikashuka.

Aliyekuwa anaendesha alikuwa Gitobu.

Shati lile lile la jana. Ndevu zile zile. Shavu moja limejaa miraa. Akamwangalia huyu wa baiskeli vile mtu huangalia kuku, na sauti iliyotoka ilikuwa yake kabisa.

"Mzee, barabara ni ya magari."

Usukani ukazungushwa kidogo.

Kidogo tu.

Gitobu akaenda mtaroni. Aliinua mkono wa kushoto juu akianguka, akagonga bega, akagonga uso, mkono uko juu bado. Alipofungua macho mkebe ulikuwa umelala kwa upande. Ndani kulikuwa na maji ya kujaza kiganja. Labda.

Mama mmoja wa kuchoma mahindi alikuja kumwinua. "Pole, baite, mwenzangu. Huyo hata hakuangalia nyuma." Halafu akamtazama vizuri kwa mwanga wa makaa, akaachilia mkono wake. "Ni ndugu yako?"

"Nani?"

"Yule. Mmefanana kama mliotoka tumbo moja siku moja."

Aliacha baiskeli hapo. Gurudumu lilikuwa limekunjika. Akakimbia.

Sista alimfungulia mlango bila kuuliza. Kananu alikuwa mweupe midomoni, macho yamegeuka. Gladwell ameshika miguu yake. Gitobu akaangalia ndani ya mkebe. Unawe mikono yako, mzee alisema, halafu upake. Lakini yale maji yalitosha mkono mmoja.

Kwa maisha yake yote hilo ndilo jambo moja alilofanya bila kujifikiria. Akamimina yote juu ya mkono wa Kananu, akasugua mpaka tone la mwisho.

"Dunga," akanong'ona.

Sindano ikaingia.

Mtoto wa kike alitolewa kabla ya saa mbili usiku. Mzima, mwenye sauti. Kananu pia akaishi.

Siku ya tatu Gitobu alirudi kwa M'Riungu kuomba maji mengine. Mzee akamwonyesha gogo. Limekauka, limepasuka. "Nyundo ndiyo ilikuwa inatia nguvu haya maji. Nyundo uliivunja. Ukae hivyo hivyo. Mkeo na mtoto wameoshwa, wewe bado."

Gitobu akasema sawa. Halafu akamweleza kuhusu ile gari. Geti lilikutwa limefungwa na kufuli kwa ndani, na gari haipo. Polisi waliandika imeibwa. Akaeleza ni nani alikuwa anaendesha.

Mzee akaacha alichokuwa anafanya. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeogopa.

"Mimi niliambia chuma kikukatae," akasema. "Sikukiambia kitafute Gitobu mwingine."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa mtoto ana miezi saba. Gitobu aliuza duka. Anakula kwa mkono, analima kwa kijiti kama watu wa zamani, na akitaka kutoka nje Kananu ndiye anamfungulia geti. Watu wa baiskeli wa Makutano wanasema jioni kuna gari nyeupe ya kuogopwa. Haipigi honi, na haijawahi kukamatwa. Tayari imeangusha wawili.

Na jioni, Kananu akiwa anawasha taa, injini inakuja, inasimama nje ya geti. Mlango wa gari unafunguka. Viatu vinashuka.

"Kananu. Nifungulie."

Ni sauti ya bwana yake. Na bwana yake yuko hapo jikoni nyuma yake, amebeba mtoto, amefunga macho. "Mimi niko hapa," anamwambia kila siku. "Usifungue." Na Kananu hajafungua. Lakini kila siku anachukua muda kidogo zaidi kabla ya kugeuka.

Mtoto yeye hangoji. Kwa Gitobu hukaa kimya mchana wote, mwili mgumu, kama amebebwa na mgeni. Akisikia ile sauti anacheka, ananyoosha mikono yote miwili kuelekea geti, na asipopelekwa huko analia mpaka injini iondoke.