Sikio la Mwaisha

Upepo wa stendi ya Msamvu ulimvua Mwaisha kofia mbele ya kadamnasi, ukaitupa juu ya mikungu ya ndizi aliyokuwa akiishusha Sufiani, kijana wa Kinole.

"Kaka, nipe upesi, jua litaniunguza!"

"Mimi nilidhani nimeletewa zawadi."

Mwaisha alikuwa na ualbino, gauni la kijani la mikono mirefu, na kicheko kilichomfanya Sufiani asahau ndizi zake. Tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula ndizi zako mpaka zinanitoka puani!"

Kisha sikioni mwa Mwaisha kikatokea kidonda kisichopona. Daktari alikigandisha kwa dawa ya baridi kali ili kisije kikawa saratani. Masika yalipokwisha, kidonda kikarudi.

"Watagandisha tena," Mwaisha alisema kwenye simu. "Kikikataa, sikio linakatwa. Usije, Sufi. Sitaki unione."

Sufiani akaenda hospitali hivyo hivyo.

"Tunagandisha, tunaacha kiyeyuke chenyewe taratibu, halafu tunagandisha tena," Dokta Ester alieleza. "Huko kuyeyuka polepole ndiko kunakoua ugonjwa. Ile mara ya kwanza sijui tulikosea wapi."

Sufiani akakumbuka mara ile ya kwanza. Siku ile Dokta alipotoka kidogo kungoja barafu iyeyuke, Mwaisha alikuwa akilia kwa maumivu. Naye Sufiani, kama alivyolelewa, alichovya khanga kwenye maji moto ya chupa ya chai akamkanda. Nani aone mpenzi wake anaumia asimkande?

"Dokta, ni mimi. Nilimkanda."

Mwaisha akageuka. "Kumbe ni wewe! Na mimi nikakushukuru! Toka nje."

Akatoka. Benchi lilikuwa la moto, lakini yeye alihisi baridi mpaka kwenye mifupa. Sikio lile likikatwa, mkono uliolikata ni wake. Simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Hapa mlangoni."

"Wameshagandisha. Linaanza kuyeyuka, linauma, Sufi."

"Sikukandi."

"Nani kakuita unikande? Ingia."

Sikio lilikuwa jeupe kama unga, macho ya Mwaisha mekundu. Sufiani akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama."

"Na likikatwa?"

"Nitakunong'oneza kwenye hilo jingine."

"Utaninong'oneza nini?"

"Kwamba nataka kukuoa."

Dokta akajifanya anatafuta pamba.

"Hata nikiwa na sikio moja?"

"Hata ukiwa huna hata moja. Nitapiga kelele."

Alicheka, kisha maumivu yakampanda, machozi yakamchuruzika. Mkono wa Sufiani ukainuka wenyewe kuelekea sikioni. Mwaisha akaudaka, akaudaka na wa pili, akaibana yote miwili kifuani pake.

"Nimekubali," alisema akiuma meno. "Ila mikono yako siiachii mpaka liyeyuke lote."